Familia za Kipolandi Kandokando ya Ziwa Letu: Nani Ana Haki ya Kutorudishwa?

Kila mwaka, ninapofika kwenye mada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hutokea mwanafunzi mmoja akauliza swali lilelile: "Dokta, vita vya Wazungu vinatuhusu nini sisi watu wa Kanda ya Ziwa?" Swali hili si la dharau. Ni swali la mtu aliyezoeshwa kusoma historia ya dunia kama mambo yaliyotendeka kwingine, na historia ya kwao kama tanbihi ya mambo hayo. Makala hii ni jibu langu kwa maandishi.

Nitaeleza jinsi familia zilizong'olewa Poland na vita vile zilivyoishia kwenye udongo wa Tanganyika, na kwenye ufuko wa ziwa hili hili tunaloliona hapa Mwanza, upande wa Uganda. Zilikaa miaka kadhaa, zikasomesha watoto, zikaoza, zikazika. Kisha nitadai jambo moja: kanuni isemayo kwamba mkimbizi asirudishwe kwa nguvu anakohofia kuumizwa ilijengwa, kwa sehemu yake, juu ya maisha ya familia hizo na juu ya jasho la babu zetu. Kwa hiyo ni mali yetu pia, na tunawajibika kuilinda hata pale inapotugharimu.

Nchi iliyopasuliwa vipande viwili

Tarehe 23 Agosti 1939 Ujerumani ya Hitler na Umoja wa Kisovieti wa Stalin zilitia saini mkataba wa kutoshambuliana, wenye kipengele cha siri cha kugawana nchi zilizokuwa kati yao. Tarehe 1 Septemba majeshi ya Ujerumani yaliivamia Poland kutoka magharibi. Tarehe 17 Septemba yale ya Kisovieti yakaingia kutoka mashariki. Ndani ya wiki chache dola ya Poland ilikuwa imefutwa kwenye ramani, na kila familia ikajikuta chini ya mtawala ambaye haikumchagua, kutegemea tu nyumba yake iko upande gani wa mstari.

Upande wa Wanazi, Wapolandi waliwekwa katika daraja la chini la ubinadamu. Vyuo vikuu vilifungwa. Walimu, mapadre na wasomi walikamatwa na kuuawa kwa maelfu. Kwenye mabehewa, mikahawa na bustani kulibandikwa vibao vilivyosema kwamba mahali hapo ni pa Wajerumani tu. Mei 1940 Heinrich Himmler, mkuu wa SS, aliandika waraka akipendekeza kwamba watoto wa makabila ya mashariki wasipate elimu zaidi ya madarasa manne: wajue kuhesabu hadi 500, waandike majina yao, na wafundishwe kwamba kumtii Mjerumani ni amri ya Mungu. Naomba msomaji aukumbuke waraka huo, kwa sababu tutaurudia tutakapofika kwetu.

Yaliyowapata Wayahudi yalikuwa ya daraja jingine kabisa. Vijana wetu leo hukiita chumba cha kupanga "geto," na wengi hawajui neno hilo limepita wapi. Mjini Warsaw, Novemba 1940, geto lilikuwa mtaa uliozungushiwa ukuta na kulindwa kwa bunduki, ambamo Wayahudi zaidi ya 400,000 walibanwa katika eneo lisilofika kilometa nne za mraba. Njaa na maradhi viliua makumi ya maelfu hata kabla ya treni kuja. Kati ya tarehe 22 Julai na 21 Septemba 1942, watu takribani 265,000 walisombwa kutoka humo na kupelekwa Treblinka, kambi iliyojengwa kwa kazi moja tu, kuua. Kabla ya vita Poland ilikuwa na Wayahudi wapatao 3,300,000. Takribani 3,000,000 kati yao waliuawa, pamoja na karibu Wapolandi 2,000,000 wasio Wayahudi.

Takwimu hizi ni kubwa mno kuingia akilini, ndiyo maana mwanahistoria hana budi kurejea kwenye familia. Emanuel Ringelblum alikuwa mwanahistoria ndani ya geto la Warsaw. Yeye na wenzake walikusanya kwa siri kila kilichoonyesha watu wanavyoishi: kadi za mgawo wa chakula, insha za watoto, matangazo, barua. Walivizika ardhini katika masanduku ya bati na makopo ya maziwa. Machi 1944 Ringelblum aliuawa pamoja na mkewe na mwanawe. Sehemu ya nyaraka ilifukuliwa mwaka 1946, nyingine mwaka 1950. Mwenye kumiliki bunduki hakufanikiwa kumiliki kumbukumbu.

Katika kijiji cha Markowa, Józef na Wiktoria Ulma, wakulima Wakatoliki, waliwaficha Wayahudi wanane nyumbani mwao, ingawa sheria ya Wanazi ilitoa adhabu ya kifo kwa kosa hilo. Tarehe 24 Machi 1944 askari walifika. Waliwaua wale wanane, wakamuua Józef, wakamuua Wiktoria aliyekuwa mjamzito, kisha wakawaua watoto wao sita. Septemba 2023 Kanisa Katoliki liliitangaza familia hiyo yote kuwa wenyeheri. Lakini ukweli hauna upande mmoja. Walikuwapo pia Wapolandi waliowauza majirani zao kwa fedha, na katika mji wa Jedwabne, Julai 1941, ni majirani Wapolandi wenyewe walioshiriki kuwaua Wayahudi wa mji wao. Ukandamizaji haumfanyi kila aliyekandamizwa kuwa mtu mwema. Humweka tu mahali ambapo uamuzi wake unakuwa na gharama kubwa.

Kutoka Siberia hadi Tengeru na Koja

Familia zilizokuja kwetu zilitoka hasa upande wa pili wa mstari, ule wa Wasovieti. Kati ya Februari 1940 na Juni 1941, watu zaidi ya 300,000 walitolewa majumbani mwao, wengi usiku, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia, Kazakhstan na kaskazini ya mbali kukata magogo na kulima mashamba ya serikali. Katika msafara wa Juni 1940 wengi walikuwa Wayahudi waliokuwa wamewakimbia Wajerumani na kuingia upande wa Wasovieti. Hapa historia ina kejeli yake: adhabu ya Stalin, iliyoua wengi kwa baridi na njaa, ndiyo iliyowaweka Wayahudi hao mbali na mikono ya Hitler. Wengi wa Wayahudi wa Poland waliobaki hai baada ya vita walikuwa wale waliokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti.

Juni 1941 Hitler alimgeuka mshirika wake. Mwezi uliofuata Stalin, akihitaji marafiki, alikubaliana na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London kuwaachia Wapolandi. Jenerali Władysław Anders aliunda jeshi kutoka miongoni mwa wafungwa hao, na familia zikalifuata jeshi kama kuku wafuatavyo mkono wenye punje. Mwaka 1942 watu takribani 115,000, wakiwamo raia wapatao 37,000, walivuka Bahari ya Kaspi hadi Iran. Wanaume wenye nguvu waliendelea na safari ya vita, na baadhi yao walikufa Monte Cassino nchini Italia mwaka 1944. Waliobaki walikuwa wanawake, watoto, yatima na wazee. Waingereza walilazimika kuwatafutia mahali, na makoloni yakaonekana kuwa mahali hapo.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba kuanzia mwaka 1942 Wapolandi karibu 18,000 walisambazwa kutoka Uganda hadi Afrika Kusini. Tanganyika iliwapokea Tengeru karibu na Arusha, Ifunda, Kidugala, Kondoa, Morogoro na Kigoma. Tengeru, chini ya Mlima Meru, ilikuwa kubwa kuliko zote, ikiwa na watu wapatao 5,000. Uganda iliwaweka Nyabyeya katika wilaya ya Masindi, kando ya msitu wa Budongo, na Koja, rasi iliyoingia ndani ya Ziwa Victoria mashariki ya Kampala. Mwanza haikupewa kambi. Lakini maji yaliyopiga ufuko wa Koja ni haya haya yanayopiga mawe ya Bismarck.

Waliishi vipi? Tengeru walikaa katika vibanda vya mviringo vya udongo vilivyopakwa chokaa na kuezekwa majani. Waliogopa malaria kama walivyokuwa wameogopa baridi. Walilima bustani, walifuga, walishona, walifungua shule za msingi na sekondari, walianzisha vikundi vya skauti, na walijenga makanisa. Kanisa la Nyabyeya bado limesimama hadi leo. Ilikuwa miji ya wanawake. Mama alikuwa mkuu wa kaya, mwalimu, muuguzi na mlinzi wa lugha, huku akingoja barua kutoka kwa mume aliyekuwa vitani. Na waliacha makaburi. Yale ya Tengeru yanakaribia 150, ya Wakatoliki kwa sehemu kubwa, lakini pia ya Waorthodoksi na Wayahudi. Koja nako kuna makaburi yao, yakitazama ziwa.

Tusije tukadhani kwamba dola ya Uingereza iliwakarimu wote kwa moyo mmoja. Katika bahari hii yetu ya Hindi, kisiwani Mauritius, Waingereza waliwafungia Wayahudi takribani 1,580 katika gereza la Beau Bassin kuanzia Desemba 1940 hadi mwaka 1945. Kosa lao lilikuwa kumkimbia Hitler na kujaribu kuingia Palestina bila kibali. Zaidi ya 100 walifia huko. Mkimbizi mmoja alipewa bustani, mwingine akapewa komeo. Aliyeamua nani apate nini hakuwa mkimbizi, na hakuwa Mwafrika.

Ngazi ya rangi

Sasa turejee kwenye ule waraka wa Himmler. Mwanafunzi anayeujua mfumo wa elimu wa Tanganyika ya wakati huo atashtuka kidogo. Mtoto wa Kiafrika aliyebahatika kuingia shule, kwa kawaida aliishia darasa la nne. Shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Sisemi kwamba Tanganyika ya Waingereza ilikuwa Poland ya Wanazi. Hapakuwa na Treblinka hapa, na mwanahistoria anayelinganisha bila kupima huwaibia wafu haki yao. Ninachosema ni kwamba ngazi ilikuwa moja, ingawa vipandio vilihesabiwa tofauti. Kule Ulaya, Mpolandi alikuwa chini na Myahudi alikuwa nje kabisa ya ngazi. Alipoteremka melini katika pwani yetu, yule aliyeitwa kiumbe wa daraja la chini aligeuka kuwa Mzungu kwa siku moja.

Hata hivyo alikuwa Mzungu wa kutia mashaka. Wengi wa wanawake hawa walikuwa wakulima maskini wasiojua Kiingereza. Walishika jembe kwa mikono yao, walibeba kuni, walibadilishana nguo kwa mayai na ndizi na majirani Waafrika. Maofisa wa kikoloni waliona hatari. Heshima ya mkoloni ilisimama juu ya dhana kwamba Mzungu hachoki, hana shida, na hafanyi kazi ya mikono. Mwanamke wa Kipolandi aliyekaa kitako akimenya viazi pamoja na jirani yake Mmeru alikuwa akibomoa dhana hiyo bila kutamka neno. Kwa hiyo kambi ziliwekwa kando, mienendo ikadhibitiwa, na serikali haikutaka kabisa wageni hao wawe wakazi wa kudumu.

Na ngazi hii iliwafuata watu wetu hadi Ulaya. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akalitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wa utumishi huo, wake na wa baba yake. Hakulipwa. Alibaki huko, akafanya kazi ya uhudumu katika mkahawa, akafundisha Kiswahili chuoni, akaoa Mjerumani, akapata watoto. Mwaka 1941 Gestapo walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen bila kumfikisha mahakamani. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Kwa hiyo anayesema Unazi haukutugusa, tumwambie kwamba uliua hata mwalimu wa Kiswahili.

Tena tukumbuke kwamba Ujerumani ilikuwa na ofisi ya chama iliyopanga namna ya kurudishiwa makoloni, na Tanganyika ilikuwamo katika madai hayo. Wajerumani waliokuwa wakiishi hapa walikuwa na matawi ya chama cha Nazi, ndiyo maana Waingereza waliwaweka kizuizini vita vilipoanza. Kambi ya Kidugala iliwekwa mahali palipokuwa na misheni ya Kijerumani. Kama vita vingeamuliwa vinginevyo, waraka wa madarasa manne ungekuwa sheria yetu.

Aliyelipia ukarimu

Serikali ya Poland iliyokuwa London ilichangia gharama za kambi kwa mkopo wa Uingereza. Lakini gharama nyingine haikuandikwa kwenye daftari lolote la wafadhili. Vibanda vya Tengeru vilijengwa na vibarua Waafrika. Kuni, maji, mawe na nyasi za kuezekea vilibebwa na Waafrika. Ardhi ilikuwa ya Waafrika, na hakuna mkutano wa kijiji ulioitishwa kuwauliza.

Hayo yalitokea wakati Watanganyika takribani 87,000 walikuwa wamevaa sare za jeshi, wakapigana Ethiopia, Madagascar na Burma, wakiwamo vijana wengi kutoka vijiji vya Kanda yetu hii. Bibi yako akisema fulani "alikwenda Keya," hicho ndicho anachokisema. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, Washirika walikosa kamba za kutosha kwa meli zao, na katani ya Tanganyika ikawa mali ya vita. Waafrika wakalazimishwa kwa sheria kwenda mashambani kuungana na manamba waliokuwa huko tayari. Mwaka 1943 na 1944, ng'ambo ya mto Kagera, njaa iitwayo Ruzagayura iliangamiza watu wengi wa Ruanda-Urundi, na walionusurika walikimbilia nchi jirani. Hao hawakujengewa vibanda vya chokaa wala skauti.

Siyasemi haya ili kuwahukumu watoto yatima wa Kipolandi, ambao hawakuchagua chochote. Nayasema ili tuelewe kwamba ukarimu wa Afrika Mashariki si jambo la juzi, na kwamba aliyeulipia hakuwahi kushukuriwa.

Haki ya kutorudi

Vita viliisha mwaka 1945, lakini kambi hazikuisha. Katika mkutano wa Yalta, Februari mwaka huo, wakubwa watatu walikubali kwamba mashariki ya Poland ibaki mikononi mwa Wasovieti. Julai, Uingereza iliitambua serikali mpya ya Warsaw iliyoungwa mkono na Moscow. Mama wa Koja au Tengeru aliambiwa kwamba sasa kuna amani, arudi nyumbani. Nyumbani wapi? Kijiji chake kilikuwa ndani ya nchi ile ile iliyompeleka Siberia.

Waingereza walitaka kambi zifungwe, na serikali ya Warsaw iliwataka watu wake. Wachache walirudi. Wengi walikataa. Na hapa ndipo jambo jipya lilipotokea katika sheria ya dunia. Februari 1946 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika kikao chake cha kwanza kabisa, lilipitisha azimio kwamba mkimbizi mwenye sababu za kweli za kukataa kurudi asilazimishwe. Azimio hilo liliwatazama mamilioni waliokuwa kambini Ulaya, lakini liliwahusu pia wanawake wa Tengeru. Shirika la Kimataifa la Wakimbizi likachukua jukumu la kuwatafutia pa kwenda. Wengi walipelekwa Uingereza, Kanada na Australia. Mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 wa Tengeru walipelekwa Kanada kwa ufadhili wa Kanisa, na serikali ya Warsaw ikalalamika hadharani kwamba watoto wameibwa. Hoja ya upande wa pili ilikuwa rahisi: mtoto aliyenusurika Siberia ana haki ya kusikilizwa.

Kanuni hiyo ikaingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Lakini mkataba huo uliwahusu waliokimbia matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na uliziruhusu nchi kuuwekea mipaka ya Ulaya peke yake. Mwafrika ilibidi angoje Itifaki ya mwaka 1967, kisha Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao ulipanua maana ya mkimbizi na kusema wazi kwamba urudishaji sharti uwe wa hiari. Kanuni ilizunguka dunia kabla ya kumfikia jirani wa Tengeru.

Zamu yetu

Jirani huyo wa Tengeru alikuwa na kisa chake. Novemba 1951, miezi isiyo mingi baada ya Wapolandi wengi kuondoka, serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru takribani 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Wilaya iliyoweza kuwapatia nafasi wageni 5,000 haikuwa na nafasi kwa wenyeji wake. Wameru walimtuma Kirilo Japhet, ambaye mwaka 1952 alikwenda New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kudai haki kwa Kiswahili. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule, lakini kesi ile ilifumbua macho ya Tanganyika nzima. Kijana mmoja wa Butiama, aliyekuwa amesoma Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, wakati Koja imejaa Wapolandi, alikuwa karibu kuanzisha chama.

Chini ya kijana huyo, Tanzania ilijijengea jina. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, tuzo ya juu ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowahudumia wakimbizi. Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Wakati huo huo mto Kagera ulikuwa ukituletea wale ambao hawakuwahi kuvuka. Maiti zilielea hadi ndani ya ziwa, na watu wa ukanda huu waliogopa kula samaki. Upande wa Uganda, katika makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo, wamezikwa zaidi ya 10,000. Ziwa lile lile lililowapa Wapolandi hifadhi liligeuka kuwa jalada la mauaji ya kimbari.

Kisha ikaja Desemba 1996. Serikali yetu, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote wanatarajiwa kurudi kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi walikimbilia porini. Wanajeshi waliwazuia na kuwaelekeza mpakani. Karibu watu 500,000 walirudi katika wiki chache.

Najua hoja za waliofanya uamuzi ule, na baadhi zina uzito. Kambi zilikuwa zimewaficha wauaji waliowashikilia wengine mateka. Mazingira ya Kagera yalikuwa yameharibiwa, misaada ilikuwa ikipungua, na wakubwa wa dunia walituachia mzigo. Lakini wakubwa wa mwaka 1946 nao walikuwa na hoja: wachumi wao walilia gharama, na miongoni mwa wakimbizi wa Ulaya walikuwamo wahalifu wa vita. Jibu lao lilikuwa kuchuja, mmoja baada ya mwingine, si kuswaga wote. Mama wa Tengeru alipata mtu wa kumuuliza, "Unaogopa nini?" Mama wa Ngara hakuulizwa. Tofauti hiyo haielezeki kwa sheria peke yake. Inaelezeka kwa ile ngazi.

Wala sitaki msomaji aondoke akidhani nchi yetu haina la kujivunia. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao waliozaliwa hapa. Ni nchi chache duniani zilizowahi kutenda hivyo. Waingereza waliwakatalia Wapolandi 18,000 hata ndoto ya kubaki. Sisi, tukiwa maskini kuliko wao, tuliwafungulia mlango watu mara tisa ya hao. Kwa hiyo uwezo tunao. Kinachobadilika ni utashi, na utashi hujengwa na kumbukumbu.

Tufanye nini

Kwa wanafunzi wa historia: wazee waliokuwa watoto wakati Tengeru, Kondoa, Kigoma na Koja zina Wapolandi sasa wamepita miaka 85. Waliouza ndizi kambini, waliochota maji, waliocheza mpira na watoto wa Kizungu wasio na viatu. Upande wa Wapolandi umeandikwa: wapo waliotunga vitabu, wapo waliorudi kutembelea makaburi. Upande wetu haujaandikwa. Ringelblum alikusanya kadi za chakula huku kifo kikimbishia hodi mlangoni. Sisi tuna simu zinazorekodi sauti na amani ya kutosha. Hatuna udhuru.

Kwa watumishi wa umma, hasa mlioko Kagera, Kigoma na Geita: fomu mnazojaza za "urejeaji wa hiari" ni hati zenye ukoo. Neno "hiari" halikuwekwa pale kwa ajili ya mapambo. Liliwekwa kwa sababu kulikuwa na wanawake waliokataa kupanda meli, na dunia ikakubali, walau mara hiyo, kwamba woga wa mtu aliyeumizwa ni ushahidi. Hiari inayopatikana kwa kupunguza chakula, kufunga soko la kambi au kuzuia watu kulima si hiari.

Kwa wanaharakati: msiiteteeni kanuni hii kama kitu kilichoagizwa kutoka Geneva. Ilipewa mwili katika vibanda vilivyoezekwa na mikono ya Waafrika, juu ya ardhi ya Waafrika, wakati Waafrika wenyewe hawakuwa na haki ya kuitwa wakimbizi. Anayetuambia kwamba kumhifadhi mkimbizi ni tamaduni ya kigeni hajasoma makaburi ya Tengeru, wala hajui jinsi yalivyochimbwa.